Johnson ya mjomba imekaa stoo miaka 19 hapa Dodoma, nataka kuifufua niipeleke Mtera. Mafundi wa mashine za boti njooni

KijanaWaNkuhungu (mleta uzi)

Wakuu habarini za jioni. Najua wapo watakaocheka kabla hawajamaliza kusoma, mashine ya boti na Dodoma wapi na wapi, ila nivumilieni.

Mjomba wangu alifariki mwaka jana na kwenye kugawana vitu mi nikaangukia kitu ambacho hakuna aliyekigombania, mashine ya boti, Johnson, hosipawa 18, silinda mbili, ya kuvuta kamba. Imekaa stoo miaka 19 ndani ya gunia la katani na juu yake wamepanga mtama na baiskeli mbovu. Enzi zake alikuwa anaondoka na basi la Iringa Ijumaa, anashukia Mtera, anarudi Jumapili na perege wa kukaushwa, nyumba nzima inanuka moshi na petroli. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu kubebeshwa kidumu.

Hali yake ni hivi: kava limepasuka upande mmoja, kibati cha namba kimesuguliwa mpaka nasoma herufi FD tu, mbele yake hakuna kitu. Propela ina meno kama msumeno. Nikivuta kamba haiendi hata robo, imeng'ang'ana. Nilimpelekea fundi mmoja wa pikipiki huku mtaani akaigusa gusa akasema imenoki hiyo, tufungue yote, nipe laki tatu na nusu ya kuanzia, spea juu yako. Nikamwambia ngoja nikajipange, nikaipakia kwenye bajaji nikarudi nayo, njiani dereva ananiuliza bro hii ni mashine ya kusaga?

Sasa wataalam, hii inafufuka au ni chuma chakavu? Mi kazi yangu ni kuuza vifaa vya simu, spana nazijua kwa kuziona.

zabibu_kavu

Unaenda kuvua wapi mkuu, kwenye madimbwi ya Sabasaba mvua ikinyesha? 😂 Nakaa siti ya mbele nimekuja na karanga zangu.

KambaleMtera

Mbukwenyi wanajamvi. Zabibu kavu acha utani, Dodoma maji yapo, kuna Hombolo hapo mlangoni kwenu na kuna Mtera kwetu huku, watu wanasomesha watoto kwa mashine hizi. Mleta uzi pole kwa msiba. Johnson za hivyo nilizikuta kwa wazee nikiwa kijana, sa hivi mwalo mzima huku ni Yamaha za 15 na chache za 40. Ushauri wangu ni mmoja, usimpe mtu aifungue. Mashine nyingi zilizokufa huku hazikufa kwa uzee, zilikufa siku fundi wa pikipiki alipotoa nyundo.

FundiKizota

Kambale sio mafundi wote wa pikipiki bana, mi mwenyewe ni fundi wa pikipiki. Ila kwa hilo la nyundo nakubali, nimeyaona.

MsukumaWaKirumba

Nimeuona huu uzi nikiwa kazini, niko Mwanza, hizi mashine nazifungua tangu nikiwa na miaka 16. Mleta uzi sikiliza vizuri.

Kwanza imenoki na imeganda ni vitu viwili. Mashine iliyonoki ilikufa ikiwa inafanya kazi, ikakosa oili au ikakosa maji ya kupoozea, pistoni ikavimba ikajikwangua kwenye silinda. Iliyoganda ilizimwa nzima, ikawekwa, ringi zikashika kutu kidogo kwenye ukuta wa silinda, basi. Ya pili inaamka. Kwa hiyo swali la kwanza ni je, mara ya mwisho mjomba aliizima mwenyewe au ilizimika?

Kama aliizima mwenyewe fanya hivi. Toa plagi zote mbili. Changanya dizeli na haidroliki ile nyekundu ya gia boksi za otomatiki, nusu kwa nusu, mimina vijiko viwili vitatu kila tundu. Ilaze hivyo hivyo siku nne tano, kila jioni ongeza kidogo. Usivute kamba! Kamba itakatika au utavunja meno ya stata. Siku ya tano weka spana kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito juu kabisa ya injini, jaribu kuisukuma kwa upande wa saa, yaani kama unakaza, kwa mkono mmoja bila bomba la kuongeza nguvu. Ikigoma acha, mimina tena, kalale. Ikisogea hata nywele moja umeshinda, itafute mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka izunguke yote.

Na usiiwashe hapo hapo kwa furaha. Watu wakishaona inazunguka wanatafuta petroli, nimeshawaona wengi.

KijanaWaNkuhungu

Asante sana mkuu. Nimempigia shangazi akasema mjomba aliumia mgongo akaacha kwenda ziwani, mashine ilikuwa nzima, mara ya mwisho aliibeba mwenyewe kutoka kwenye basi. Leo nimeanza hiyo dawa. Mke wangu anauliza kwa nini sebule inanuka gereji.

MzeeWaReli

Kijana salama? Mimi mstaafu, nimekaa sana na mitambo. Zamani sisi mashine kama hizo tulikuwa tunachanganya oili ya kawaida namba 30, chupa mbili za soda kwenye dumu, na zilidumu. Haya mambo ya oili maalum ni biashara tu.

FundiKizota

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, sasa hivi tunachanganya 50 kwa 1, lita 25 za petroli unaweka nusu lita ya oili ya tustroki. Ukijaza oili nyingi plagi zinalowa, mashine inatoa moshi kama tanuri la mkaa.

MsukumaWaKirumba

Hapa mzee na fundi wote mna haki na wote mnaweza kuiua hiyo mashine hahaha.

Iko hivi. Johnson na Evinrude zilikuwa kampuni moja, OMC ya Marekani, na mashine zao nyingi za kabla ya 1964 zilitaka 24 kwa 1, na kweli maelezo ya enzi hizo yalikuwa yanataja oili namba 30, kwa hiyo mzee hasemi uongo. Kuanzia 1964 wakahamia 50 kwa 1. Hizi FD za 18 zimetoka tangu 1957 mpaka baada ya 1964, sasa yako kibati kimefutika, hujui uko upande gani wa mstari.

Tazama tundu la kuchomekea mpira wa mafuta. Kama mpira ni wa njia mbili na tangi ni lile la kusukuma hewa, hiyo ni ya miaka ya 50, haina pampu ya mafuta kabisa, tangi lenyewe linasukumwa na hewa kutoka kwenye injini. Kama mpira ni mmoja na ubavuni mwa injini kuna kidude kama kisahani chenye skrubu, hiyo ni pampu, basi ni ya baadaye. Halafu kwangua rangi kwenye bloku utafute kiduara cha alumini saizi ya sarafu, baadhi zao namba iligongwa pale.

Ukikosa vyote, changanya 24 kwa 1 ulale usingizi. Kwa kipimo cha nyumbani ni lita 12 za petroli kwa nusu lita ya oili. Oili ikizidi hasara yake ni moshi na kusafisha plagi. Ikipungua hasara yake ni ile fundi wa kwanza aliyoisema, na hapo haina dawa ya vijiko.

Lakini mzee wangu, oili ya gari ya siku hizi sio ile ya kwako. Hizi zimejaa dawa za kusafisha injini, zikiungua zinaacha majivu kwenye plagi na kichwa cha pistoni. Na zile oili za misumeno ya miti nazo zimetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa. Ya boti tafuta iliyoandikwa TC-W3 kwenye chupa. Usipoiona hiyo alama usinunue, hata muuzaji akiapa.

MzeeWaReli

Nimeelewa. Ila chupa mbili za soda kwenye dumu la lita 20 hazikuniangusha.

MsukumaWaKirumba

Mzee chupa mbili za soda ni kama mililita 700, kwa dumu la 20 hiyo ni kama 29 kwa 1. Ulikuwa sawa bila kujua 😂

KijanaWaNkuhungu

WAKUU IMEZUNGUKA. Siku ya sita, saa mbili usiku, umeme umekatika namulika kwa simu, nimeweka spana nikasikia "kii" kama mlango wa stoo halafu ikasogea. Nimeipeleka mbele nyuma nusu saa nzima, jirani akaja kuuliza kuna nini.

Majibu ya upelelezi: mpira ni wa njia moja na pampu ipo. Kiduara nimekiona baada ya kukwangua, hakina maandishi yoyote. Kwa hiyo 24 kwa 1.

FundiKizota alikuja na geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, bila hata kuniomba hela (Mungu akubariki), silinda ya juu 95, ya chini 88. Tatizo, cheche. Ya juu inatoa, ya chini giza.

FundiKizota

Nithibitishe, kompresheni iko vizuri kwa umri huo. Hizo silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10 na hapo zimepishana kama 7. Nilimwaga oili kidogo kabla ya kupima ila sio ya kudanganya.

MsukumaWaKirumba

Hongera. 95 kwa 88 ni mashine hiyo, wewe ungeuza chuma chakavu.

Cheche za hiyo mashine zinatoka chini ya flaiwili. Kuna platini mbili (midomo ya kukata na kuunganisha umeme), kondensa mbili, koili mbili (za kuzalisha cheche), kila silinda na vyake. Mashine ikilala muda mrefu midomo ya platini inaota ukungu mweupe usiopitisha umeme, mara nyingi ndo ugonjwa wote. Ugonjwa wa pili ni koili zenyewe, plastiki ya zamani inapasuka kwa uzee na joto, ukiona ufa hata mwembamba kama unywele usiisumbue, badilisha.

Flaiwili usiigonge. Narudia. Haitoki kwa nyundo, shafti imechongwa mteremko na ukiipiga unaharibu kichwa cha shafti au beringi chini. Ina matundu matatu yenye nyuzi, inavutwa kwa bamba na bolti tatu.

KijanaWaNkuhungu

Nimeenda kwa mchomeleaji mmoja hapa Chang'ombe anayetengeneza milango, nikamchorea kwenye karatasi. Akachukua kipande cha bati la unene wa milimita 10, akatoboa matundu matatu pembeni na moja katikati akachomelea nati, bolti kubwa inapita kati inasukuma shafti. Elfu nane. Nikakaza robo, nikagonga KICHWA CHA BOLTI kidogo (sio shafti mkuu usinipigie kelele), nikakaza tena, ikatoka na mlio kama risasi, nilijua nimevunja kitu, nikakaa chini kwanza.

Koili ya chini ina ufa mrefu, ya juu ina ufa mfupi. Platini zote nyeupe.

MsukumaWaKirumba

Platini pitisha faili ndogo mara mbili tatu tu, sio msasa, msasa unaacha chembe. Halafu ingiza kipande cha karatasi safi chenye spiriti, vuta, rudia mpaka karatasi itoke nyeupe. Vidole vyako vina mafuta, ukigusa umerudisha ugonjwa. Pengo lake pima kwa fila, kile kibati cha kupimia pengo, inchi 0.020, yaani nusu milimita, pale kemu ya shafti inapoinua platini mwisho kabisa.

Koili badilisha zote mbili. Namba yake ni 582995, na habari njema ni kwamba OMC walitumia sumaku na koili za aina hiyo hiyo kwenye mashine zao nyingi ndogo za silinda mbili miaka ya 50 mpaka 70, kwa hiyo bado zinatengenezwa na watu wengine. Kondensa na platini badilisha ukiweza. Plagi tafuta Champion J6C, pengo inchi 0.030. Ukirudisha flaiwili hakikisha ule ufunguo mdogo wa chuma umekaa kwenye mfereji wake na nati umeikaza kikamilifu, ukiiacha legelege flaiwili inateleza, ufunguo unakatika na cheche inaanza kutoka muda usio wake.

MamaPerege

Nimefuatilia hadi hapa nikaona nami niulize, samahani mleta uzi kwa kuingilia. Mimi si fundi, nina boti mbili Mtera na vijana wanaofanya kazi, samaki wanakuja Majengo. Mwezi uliopita upepo wa mchana ulipindua boti moja na mashine ikazama, wakaitoa kesho yake asubuhi, wakaianika juani siku tatu ikauke eti. Sasa haizunguki kabisa. Nimedanganywa au?

MsukumaWaKirumba

Mama shikamoo. Hujadanganywa, umehukumiwa na jua. Mashine iliyozama ikiwa chini ya maji inaoza polepole sana maana hewa haifiki. Saa inatoka majini ndo kutu inaanza kukimbia. Kwa hiyo kama huna fundi wala vifaa, iache ndani ya maji safi, hata pipa, mpaka fundi awe amesimama mbele yako. Ikishatoka ni saa chache tu, toa plagi, igeuze matundu yaangalie chini, zungusha maji yatoke, mwaga spiriti, kabureta fungua, halafu oili ndani, na kama inawezekana iwashe siku hiyo hiyo iendeshe nusu saa ijikaushe yenyewe.

Ila swali, ilizama ikiwa inaunguruma?

MamaPerege

Walikuwa wanarudi, ndiyo, ilikuwa inafanya kazi.

MsukumaWaKirumba

Basi usimruhusu mtu kuilazimisha. Ikinywa maji huku inazunguka, maji hayabonyei kama hewa, pistoni inagonga ukuta na mkono wa pistoni unaweza kupinda. Hiyo ifunguliwe kichwa kwanza muangalie kama pistoni zote zinafika kimo kimoja. Nitafute inbox nikueleze taratibu.

zabibu_kavu

Nilikuja kucheka sasa najifunza, hii haikubaliki.

KijanaWaNkuhungu

Wakuu samahani nilipotea. Koili zilichukua wiki tano, kuna kijana Dar aliniagizia kutoka nje. Cheche sasa zinaruka zote mbili, bluu, milimita sita hivi, moja ilinipata kidoleni nikatukana mbele ya mchungaji aliyekuja kutusalimia.

Kabureta ndo hadithi. Nimeifungua ndani kuna kitu kama lami ya kahawia, petroli ya mjomba iliyokauka. Nimeloweka, nimepuliza matundu yote. Boya lake kumbe ni kizibo! Kizibo kabisa kama cha chupa ya mvinyo, na kimevimba kimechubuka, nikikibonyeza kinatoka unga. Je ninunue wapi?

FundiKizota

Uko Dodoma unauliza kizibo cha mvinyo kinapatikana wapi 😂😂😂

MsukumaWaKirumba

Hahaha fundi kamaliza. Ni kweli lakini, boya za enzi hizo zilikuwa kizibo kilichopakwa vanishi, vanishi ikiisha kinanyonya petroli kinakuwa kizito hakielei, kabureta inafurika. Ukichonga kipya kiwe saizi ile ile na uzito karibu na ule, halafu pakaa supaglu nyepesi pande zote iingie, ikauke, rudia. Petroli haiilainishi supaglu. Gundi nyingine nyingi itayeyuka. Kisha hakikisha ukigeuza kabureta juu chini boya linakaa sambamba na ukingo.

Sindano ya mwendo mdogo ikaze kwa vidole mpaka iguse tu, halafu rudisha mzunguko mmoja na nusu. Ndo pa kuanzia, mengine utasikiliza mlio.

Na mguu umefungua? Impela?

KijanaWaNkuhungu

Impela nilidhani ni propela mkuu, nikawa nashangaa mbona mnataja viwili viwili.

KambaleMtera

Impela ndo roho. Ni kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa ndani ya mguu, kinavuta maji ziwani kinayapandisha kupoza injini. Miaka 19 mabawa yamekaa yamejikunja upande mmoja, yamekauka kama ngozi ya mbuzi. Ukiwasha na hiyo utakuja hapa kutuambia imenoki. Sisi huku kwa tope la Mtera tunabadilisha kila msimu, maji yakishuka kiangazi ile mchanga na udongo inakwangua hadi nyumba ya impela. Bwawa likijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kina cha chini cha kuzalisha umeme ni 690, sasa fikiria kwenye ardhi tambarare ile mita nane zikiondoka maji yanakimbia umbali gani, unabaki unaendesha boti kwenye uji.

Na visiki. Miti ilizama na bwawa, imesimama humo tangu wakati huo. Mashine yako ya zamani lazima ina pini ya propela, nunua pini za akiba.

KijanaWaNkuhungu

Pini tutaona mbele ya safari, ngoja kwanza iwake.

Impela nimepata ya kuagiza pamoja na mpira wa mafuta. Ya zamani bawa moja lilibaki mkononi. Oili ya gia ilikuwa kama chai ya maziwa.

MsukumaWaKirumba

Chai ya maziwa ni maji yameingia, badilisha sili ya shafti ya propela na zile washa za skrubu za oili, ndo zinazosahaulika. Ukijaza jazia tundu la CHINI mpaka itoke la juu, ukijazia juu unafungia hewa ndani. Wakati wa kuvisha impela paka sabuni ya maji, sukuma huku unazungusha shafti upande wa saa ili mabawa yalale inavyotakiwa.

KijanaWaNkuhungu

Jumamosi. Nusu pipa, maji ya mgao ambayo mke wangu alikuwa ameyawekea mahesabu yake. Nimeifunga kwenye ubao, mguu umezama, FundiKizota yupo, watoto wa mtaa kama ishirini wapo, zabibu_kavu naye alikuja kumbe ni jirani wa mtaa wa pili!!

Mvuto wa kwanza kimya. Wa pili ikakohoa. Wa tatu kimya. Wa nne ikakamata wakuu. Moshi wa bluu ukafunika uwanja wote, watoto wakakimbia wakarudi, maji ya pipa yanaruka, shangazi ambaye alikuwa kwenye simu spika aliposikia ule mlio akanyamaza muda mrefu.

Niliizima baada ya dakika moja kwa hofu maana sioni mkojo, ule mchirizi wa maji ya kupoozea. Yamaha za Kambale kwenye video zinakojoa kwa nyuma, hii hakuna.

MsukumaWaKirumba

Hongera sana mdogo wangu. Usiogope, hizo za zamani nyingi hazina mkojo. Angalia nyuma ya mguu chini ya kichwa kuna matundu madogo, yanatoa moshi uliochanganyika na ukungu wa maji. Weka kiganja, kikilowa maji yanapita. Na kichwa cha silinda shika kwa mkono baada ya dakika tano, kiwe cha moto ila unavumilia kukishika. Dondoshea tone la maji, likichemka kama kwenye kikaango zima haraka.

zabibu_kavu

Nathibitisha kiganja kililowa, changu. Na koti langu linanuka mpaka leo.

KijanaWaNkuhungu

Wakuu ripoti ya mwisho, niko Mtera naandikia kwenye kibanda cha chai mtandao unakuja unaenda.

Tulikuja jana na Fundi na zabibu. Kambale alitupa boti yake ya mbao na jaketi za kujiokolea akatuambia kaeni mbali na matete viboko wapo. Mashine iliwaka mvuto wa pili. Tulienda vizuri kama nusu saa, nikawa nasikia ule mlio wa mjomba kabisa, zabibu ameacha kuongea kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Halafu TWA! Mashine ikaanza kupiga kelele kubwa inazunguka bure, boti imesimama. Kisiki.

Mashine iko salama, silinda salama, gia salama. Pini imekatika vipande viwili kama ilivyotakiwa. Na pini ya akiba sina, si niliambiwa. Fundi alitaka kuweka msumari wa inchi nne tuliokuta kwenye boti, nikakumbuka, nikampigia Kambale kuuliza, akapiga kelele kwenye simu MSIWEKE MSUMARI, pini ni laini makusudi ikatike yenyewe, ukiweka chuma kigumu kisiki kinachofuata kinavunja gia. Tukapiga kasia saa moja na nusu kwa kutumia ubao wa kukalia, watu wawili wa Dodoma mjini na muuza vifaa vya simu, upepo unatupiga usoni.

Kambale katukuta ufukweni ameshika kikopo cha maziwa ya unga kimejaa pini. Anauliza nachukua ngapi.